Soda za "diet" na kafeini isiyoonekana: tunasoma nini kwenye kopo?



Masuali mengi yanayotufikia kuhusu vyakula na vinywaji huwa yanazunguka mambo mawili, nguruwe na ulevi. Gelatini hii imetokana na nini, siki ile ina pombe au haina. Ni masuali ya msingi na tutaendelea kuyajibu. Lakini lipo suali jengine ambalo huja limejificha ndani ya suali. Mtu anaandika kwamba mama yake ana kisukari, daktari amemkataza soda za kawaida, na sasa anakunywa za "diet". Tangu aanze, usiku hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, na asipokunywa kichwa kinamuuma. Je, ule utamu wa bandia uliomo ndani ni halali, na una madhara?

Suali limeelekezwa kwenye utamu, lakini dalili zote alizozitaja zinaelekeza kwengine, kwenye kafeini. Katika nyumba nyingi za visiwani hapa, jina hilo linajulikana kama kitu cha kahawa na chai tu. Wachache wanajua kwamba imo kwenye soda, na wachache zaidi wanajua kwamba baadhi ya soda za "diet" zina kafeini nyingi kuliko soda za kawaida za jina lile lile. Ndiyo maana tumeona tuliandikie makala jambo hili peke yake.

Neno "diet" linazungumzia sukari tu

Mtu akiona kopo limeandikwa "diet", "light", "zero" au "max", akili yake inamwambia kwamba hichi ni kinywaji kilichopunguzwa, kilichosafishwa, kinachomfaa mgonjwa. Wauzaji nao huwaambia wateja hivyo hivyo: "Chukua hii, ni ya wenye sukari." Kilichotolewa ni sukari, na badala yake kimetiwa kitamu chengine kama aspartami. Hakuna kanuni inayosema kwamba kiwanda kinapotoa sukari kitoe na kafeini. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, kama chumvi na pilipili ndani ya mchuzi mmoja.

Tuchukue mfano wa kampuni inayojulikana kuliko zote. Kwa takwimu zake yenyewe za Marekani, kopo la Coca-Cola la kawaida la mililita 355 lina miligramu 34 za kafeini. Kopo la ukubwa huo huo la Diet Coke lina miligramu 46. Yaani lile la "mgonjwa" limezidi kwa theluthi nzima. Coca-Cola Zero imebaki kwenye 34, kwa hivyo hata ndani ya kampuni moja huwezi kukisia. Makopo mawili yasiyo na sukari yana viwango viwili tofauti. Kwa upande wa Pepsi tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Pepsi ya kawaida ina miligramu 38, na ile isiyo na sukari iliyouzwa Marekani kwa jina la Pepsi Max kwa miaka mingi ilikuwa na 69. Mwenye kuhama kutoka moja kwenda nyengine kwa ajili ya afya yake alikuwa anakaribia kuongeza kafeini maradufu, na hakuna aliyemwambia.

Kwa kulinganisha, kikombe cha chai ya rangi cha mililita 220 hukadiriwa kuwa na miligramu 50 hivi. Kwa hivyo kopo moja si balaa. Ila nani kati yetu humpa mtoto wa miaka minne kikombe kizima cha chai ya rangi saa tatu usiku, kisha akashangaa kwamba halali?

Rangi pia haisaidii. Watu wamezoea kwamba soda nyeusi ndiyo yenye kafeini na za rangi nyengine hazina. Fanta na Sprite kweli hazina. Lakini Mountain Dew, ambayo ni ya manjano inayoelekea kijani, ina miligramu 54 kwa kopo la 355 kule Marekani. Na kinywaji hicho hicho, kwa jina na rangi hiyo hiyo, kilikuwa kikiuzwa Canada bila kafeini yoyote, kwa sababu hadi 2010 sheria ya huko ilikuwa hairuhusu kafeini kutiwa kwenye soda zisizokuwa za kola. Hili la Canada tunalitaja kwa makusudi. Sisi tunaishi kwa bidhaa za bandarini. Kontena moja limetoka Dubai, jengine limetoka bara, jengine limepitia Mombasa. Makopo mawili yaliyopangwa rafu moja, yenye jina moja, yanaweza kuwa yametoka viwanda viwili vya nchi mbili. Hizi takwimu tulizozitaja ni za Marekani, na kopo lililo mkononi mwako lina haki ya kusomwa lenyewe.

Inafichika vipi?

Familia nyingi za Kiislamu zina utaratibu mzuri wa kusoma namba za E. Wapo waliozibandika kwenye mlango wa friji: E120 ni rangi inayotokana na wadudu, E471 ni mafuta yanayoweza kuwa ya mnyama au ya mmea, na kadhalika. Orodha hizo zimetusaidia sana. Lakini kafeini haina namba ya E. Haikuhesabiwa pamoja na rangi wala na vihifadhi. Imehesabiwa kuwa ni kitu cha kutia ladha. Kwa hivyo mama anayepitisha kidole kwenye orodha yake, namba kwa namba, atafika mwisho akiwa ameridhika, na kafeini imempita.

Kwenye bidhaa za Ulaya utaikuta imewekwa ndani ya mabano, baada ya neno la ladha, katikati ya viambato vyengine kumi, kwa herufi ndogo ambazo mtu wa miaka hamsini hazioni bila miwani. Na kwa kuwa viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na kafeini kwa uzito ni kidogo sana, nafasi yake daima ni mwisho mwisho wa orodha. Jambo hilo peke yake humfanya msomaji adhani kwamba haina uzito. Kumbe miligramu 40 ya kitu chenye kuchezea moyo na usingizi si sawa na miligramu 40 ya rangi.

Umoja wa Ulaya una sheria, namba 1169 ya mwaka 2011, inayotaka kinywaji chenye kafeini zaidi ya miligramu 150 kwa lita kiandikwe onyo kwamba kina kafeini nyingi na hakifai kwa watoto wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, pamoja na kutaja kiwango chake. Ni sheria nzuri, na ndiyo iliyofanya vinywaji vya kuongeza nguvu viandikwe onyo. Sasa piga hesabu. Diet Coke ya miligramu 46 katika mililita 355 ni sawa na takriban miligramu 130 kwa lita. Ipo chini ya mstari. Haistahiki onyo, na haina lazima ya kutaja kiwango. Kopo halina onyo na mnunuzi anafasiri kutokuwepo kwa onyo kuwa ni idhini.

Marekani hali ni hiyo hiyo kwa njia nyengine. Mamlaka ya chakula na dawa ya huko inaikubali kafeini kwenye vinywaji vya kola mpaka asilimia 0.02, ambayo kwa kopo la 355 ni kama miligramu 71. Kafeini iliyoongezwa lazima itajwe miongoni mwa viambato, lakini si lazima kusema ni kiasi gani. Mwaka 2007 kampuni kubwa za soda zilitangaza kwamba zitaanza kuandika kiwango kwa hiari yao, na mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama, walichapisha vipimo vya soda zaidi ya 130 walizozinunua madukani. Walikuta kiwango kinaanzia miligramu 4.9 kwa kopo, katika kola moja ya bei rahisi, mpaka 74 katika soda iitwayo Vault Zero. Tazameni jina: Zero! Iliyoongoza kwa kafeini katika orodha yote ilikuwa ni soda isiyo na sukari.

Kuna mlango mwengine, nao ni guarana. Hili ni tunda la Brazil ambalo mbegu zake zina kafeini kuliko buni. Kinywaji kikitiwa maji ya guarana, lebo inaweza kutaja guarana tu, na neno kafeini lisionekane popote. Mnunuzi anaona jina la tunda na anafurahi.

Kesi ya mapipa arubaini

Ugomvi wa kafeini na lebo si wa jana. Mwaka 1909 maofisa wa serikali ya Marekani walikamata shehena ya maji mazito ya Coca-Cola iliyokuwa ikisafirishwa kutoka Atlanta kwenda Chattanooga, katika jimbo la Tennessee. Ilikuwa mapipa makubwa 40 na madogo 20, na ndiyo maana kesi ile imeingia kwenye vitabu kwa jina la mapipa. Aliyeisukuma alikuwa ni Harvey Wiley, mkemia mkuu wa wizara ya kilimo, mtu aliyepigania sheria ya usafi wa vyakula ya 1906. Serikali ilileta mashtaka mawili. La kwanza ni kwamba kafeini ni kitu chenye madhara kilichoongezwa kwenye chakula. La pili ndilo linalotuhusu zaidi hapa: kwamba jina na picha za kinywaji kile zilikuwa zinamdanganya mnunuzi, kwa kuwa jina linataja majani ya koka na mbegu za kola, na ndani yake serikali ilidai hakuna koka na kola ni kidogo au hakuna.

Kesi ilisikilizwa Chattanooga mwaka 1911. Kampuni ilishinda hapo. Serikali ikakata rufaa mpaka Mahkama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1916 iliamua kwamba kafeini inaweza kuhesabiwa kuwa ni kitu kilichoongezwa hata kama kampuni inadai kwamba ni sehemu ya mapishi yake ya asili, na kwamba hoja ya jina lenye kupotosha nayo inastahiki kusikilizwa. Kesi ikarudishwa chini. Haikufika mwisho, kwani pande mbili zilisuluhishana, na kampuni ikakubali kupunguza kafeini kwa karibu nusu.

Zaidi ya miaka mia imepita. Kafeini ilipungua, lakini hoja ya kwamba jina la mbele ya kopo halisemi yaliyomo ndani bado iko pale pale ilipoachwa.

Kampuni hujibu kwamba kafeini imo kwa ajili ya ladha, ule uchungu mdogo unaokamilisha kola. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliijaribu hoja hiyo. Waliwapa watu 25 wanaopenda kola vinywaji viwili, kimoja na kafeini kwa kiwango cha soda za madukani na kimoja bila, wakawauliza kama wanaweza kuvitafautisha. Walioweza walikuwa wawili. Kama watu 23 katika 25 hawaionji, basi ladha haiwezi kuwa ndiyo sababu yote. Kafeini humfanya mtu arejee dukani, na mwenye duka yeyote anaifahamu thamani ya mteja anayerejea.

Nani anaguswa?

Mtu mzima mwenye afya hana haja ya kuogopa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya 2015, ilisema mtu mzima anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na kwa mkupuo mmoja zisizidi 200. Wazee wetu wa barazani wanaokunywa kahawa baada ya alasiri hatuna neno nao.

Mjamzito kiwango chake ni nusu ya hicho, miligramu 200 kwa siku nzima, kutoka kila upande. Mwili wa mwanamke katika miezi ya mwisho ya mimba huiondoa kafeini polepole mno. Ile ambayo mtu wa kawaida huondoa nusu yake kwa saa tano hivi, yeye humchukua kama saa kumi na tano. Na kafeini inapita hadi kwa mtoto, ambaye hana uwezo wa kuichambua. Chukua vikombe viwili vya chai na makopo mawili ya soda ya "diet" ya mililita 330; tayari ameshafika karibu na 185. Akiumwa na kichwa akameza vidonge viwili vya Panadol Extra, ambavyo kila kimoja kina miligramu 65 za kafeini, amevuka zaidi ya 300. Mambo matatu aliyoyafanya kila moja peke yake halina ubaya. Ni jumla iliyomzidi, na jumla hiyo haikuandikwa popote. Anayenyonyesha naye azingatie kwamba kitoto kichanga huchukua zaidi ya siku tatu kuondoa nusu tu ya kafeini iliyomwingia.

Kwa watoto mamlaka hiyo ilitaja miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 mpaka wake ni 45, na kopo moja la mililita 330 la Diet Coke, kwa vipimo vya Uingereza, lina 42. Kwenye arusi zetu watoto hawanywi kopo moja. Na siku hizi wapo wazazi, wenye nia njema kabisa, wanaowapa watoto za "diet" ili wasinenepe na meno yasioze.

Sasa yule mama mwenye kisukari tuliyeanza naye. Tufanye anakunywa makopo matatu kwa siku, la mwisho saa kumi na moja jioni. Hata angeyanywa yote matatu kwa pamoja saa hiyo, ifikapo saa nne usiku nusu ya kafeini ingekuwa bado inazunguka mwilini, sawa na kikombe cha chai na zaidi. Mwili wa mtu mzima wa umri hauvumilii kama wa kijana, na mwenye presha au moyo wenye kudunda vibaya huhisi haraka. Juu ya hayo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2004 waliwapa kafeini wagonjwa 14 wa kisukari cha aina ya pili, waliozoea kunywa kahawa, kisha wakawapa chakula. Sukari yao ya damu ilipanda zaidi kuliko siku walipopewa kidonge kitupu. Kipimo kilichotumika kilikuwa kikubwa, sawa na makopo manane ya Diet Coke kwa pamoja, kwa hivyo asitoke mtu akasema tumeharamisha kopo moja. Lakini mgonjwa anayeshindwa kufahamu kwa nini kipimo chake cha sukari hakishuki ana haki ya kumwambia daktari idadi ya makopo anayokunywa. Madaktari wengi huuliza kuhusu sukari kwenye soda, na wakisikia "diet" huvuka wakaenda suali linalofuata.

Kichwa cha Ramadhani

Hapa tutakaa kidogo, maana kila mwaka ifikapo siku ya pili na ya tatu ya mwezi mtukufu watu hulalamika kichwa na kusema ni njaa au ni jua. Kwa wengi wao sababu ni kafeini iliyokatika ghafla. Mtu aliyezoea hata miligramu 100 kwa siku, yaani makopo mawili au matatu ya kola, akiacha kwa mara moja huanza kuumwa kichwa baina ya saa 12 na 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Maumivu hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kuendelea mpaka siku tisa. Saumu yetu huku kwenye ikweta ni kama saa kumi na tatu na kitu. Aliyekunywa kopo lake wakati wa daku, baada ya alasiri kichwa kinaanza kugonga. Mnywaji wa kahawa anajua kinachomsumbua na anasubiri kikombe chake cha futari. Mnywaji wa "diet" hajui, kwa kuwa hajawahi kujihesabu kuwa ni mtu wa kafeini.

Ndipo anapofuturu kwa Panadol Extra, kichwa kinapoa, na anaisifu dawa. Dawa ni nzuri, lakini sehemu ya kilichompoza ni kile kile alichokikosa mchana.

Aliye katika hali hii apunguze katika mwezi wa Shaabani, kopo moja baada ya jengine, katika wiki mbili hivi. Kukata siku moja kabla ya kuandama mwezi hakutomsaidia. Na kuongeza makopo wakati wa daku ili "yamfikishe" magharibi humharibia usingizi wa alfajiri tu.

Hukumu iko wapi?

Kafeini yenyewe wanazuoni walishaipitia zamani, ingawa hawakuijua kwa jina hili. Kahawa ilipoingia Makka kutoka Yemen, ambako watu wa tasawwuf walikuwa wakiinywa wapate kukesha kwa ibada, ilizusha mzozo mkubwa. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa na dhamana ya masoko ya Makka, aliita baraza la wanazuoni na matabibu na kahawa ikapigwa marufuku. Cairo, yalikokuwa makao ya utawala wa wakati huo, haikuliunga mkono katazo lote, na kwa miaka iliyofuata rai ya kuihalalisha ndiyo iliyoenea. Hoja ilikuwa kwamba kahawa haiondoi akili kama ulevi, inaichangamsha. Kwa msingi huo hatuoni njia ya kusema soda ni haramu kwa sababu tu ina kafeini.

Jambo la halali, hata hivyo, lina adabu mbili. Moja ni kwamba linaweza kukatazwa kwa mtu maalumu kwa sababu ya madhara yake kwake yeye, kama sukari ilivyokatazwa kwa mwenye kisukari ingawa ni halali kwa jirani yake. Mjamzito aliyeambiwa na daktari apunguze, na akajua, hana udhuru wa kusema "mbona ni halali?"

Ya pili inamhusu muuzaji. Kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni kinajulikana na kila mtoto wa madrasa: alitia mkono ndani ya fungu la chakula akakuta umajimaji chini, muuzaji akasema ni mvua, naye akamuuliza kwa nini hakukiweka kilichorowa juu watu wakakiona. Chakula kile hakikuwa haramu, na mvua haikuwa kosa la mwenye duka. Lawama ilikuwa ni kwamba kilichofaa kuonekana kimewekwa chini. Kopo lenye herufi kubwa "zero" upande wa mbele na kafeini ndani ya mabano upande wa nyuma limepangwa kwa mpango ule ule. Mwenye duka wa mtaani hakulipanga yeye, na hatumtwiki dhambi ya kiwanda. Lakini mteja akimuuliza "Hii haina kitu kibaya? Nampelekea mama mjamzito," na yeye akajibu "haina" bila kuligeuza kopo, hapo amesema kwa niaba ya kitu asichokisoma. Wallahu aalam.

Tukiwa dukani

Kwenye lebo za Kiingereza tafuta neno linaloanza kwa c na kuishia kwa e, lenye f mbili katikati: "caffeine". Liko mwishoni mwa orodha. Ukiona "sugar free" fahamu kwamba linahusu sukari peke yake. Isiyo na kafeini huandikwa "caffeine free", na zipo soda za "diet" za aina hiyo, ingawa madukani mwetu si rahisi kuzipata. (Na hilo neno "free" hapa si la bure, kama kijana mmoja alivyomwambia bibi yake.)

Makopo ya Ghuba yanatufaa zaidi kuliko tunavyodhani, kwa sababu yana lebo ya Kiarabu, na visiwani hapa ni nyumba chache zisizo na mtu aliyehitimu chuoni. Bibi asiyejua Kiingereza hata neno moja anaweza kulisoma: kaf, alif, fe, ye mbili, nun. Wengine huandika kwa ye moja. Wanafunzi wa madrasa wapewe makopo matupu wayatafute. Ni zoezi jepesi na linawapa sababu ya kukisoma Kiarabu nje ya msahafu.

Tatizo linalobaki ni vibandiko. Makopo mengine yanakuja na karatasi ya muagizaji iliyobandikwa juu ya orodha ya viambato, na ukiibandua inang'oka na maandishi. Nyengine zimeandikwa kwa lugha ambayo hapa hakuna anayeisoma. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinataka viambato vitajwe, na kibandiko kinachoziba viambato kinakwenda kinyume na maana yake. Kwa Unguja na Pemba kopo la namna hiyo lipelekwe ZFDA au ZBS. Kwa ndugu zetu wa Lamu ni KEBS. Lipelekwe kopo lenyewe pamoja na risiti, maana malalamiko ya mdomo hayana la kupimwa.

Na kwa waagizaji, ambao baadhi yao ni wasomaji wetu wa siku nyingi: mkiwa mnachapisha kibandiko hata hivyo, ongezeni mstari mmoja wa Kiswahili unaotaja miligramu za kafeini kwa kopo, na kibandikwe upande usio na maandishi.